Soko Lililoendeshwa kwa Kope

Kabla ya ugonjwa, mama yangu hakuwahi kukaa akamaliza kikombe cha chai. Alikinywa akiwa amesimama mlangoni, miguu tayari inaelekea sokoni. Aliishi Kiuu, katika ploti yenye nyumba za kupanga zilizotazamana, na kila asubuhi alitembea hadi soko la Githurai 45, ambako alikuwa na meza yake ya mboga. Aliletwa huku na baba kutoka Vihiga akiwa bado bibi arusi, baba alipopata kazi katika kiwanda kimoja Ruiru. Baba alipofariki, ndugu walitegemea angefunga virago arudi magharibi. Yeye alitandika gunia sokoni, akaanza kuuza mboga za kwao: mrenda, saga, kunde, mitoo. Watu wa magharibi waliokuwa wakifanya kazi huku walimfuata kama nyuki wanavyofuata maua.

Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Naishi Ngoingwa, upande wa Thika, pamoja na mume wangu na watoto wetu, na nafundisha chekechea. Siku simu ilipolia nilikuwa nimezungukwa na watoto waliokuwa wakipaka rangi ya maji, zaidi kwenye nguo kuliko kwenye karatasi.

Aliyepiga ni mama wa viazi. Huyu alikuwa jirani ya mama sokoni kwa miaka mingi, Mkikuyu mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Walikuwa wakigombana kila siku juu ya kivuli cha mwavuli, na kila siku wakila chakula cha mchana kutoka bakuli moja.

"Maitu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, kana kwamba mimi ni mama yake, "mama yako amekataa kusimama."

"Amekataa?"

"Si yeye amekataa. Ni miguu imekataa. Amekaa hapo kwa kigoda anajaribu, anajaribu. Ngai! Njoo."

Niliwaachia wenzangu watoto, nikaondoka na rangi mikononi. Nilipofika, mama alikuwa ameshabebwa kwa mkokoteni wa kubebea magunia hadi kando ya barabara, na wanawake wa soko wamemzunguka wakimkinga jua kwa leso zao. Alikuwa anacheka kwa aibu. Alisema tumbo lilimsumbua wiki zilizopita, likapona, halafu siku mbili hizi nyayo zikaanza kumwasha kama zimeingiwa na siafu. Akadhani ni viatu. Tulimpakia kwenye gari la mwuza kabichi, tukaelekea Thika hospitalini, na mama wa viazi akapanda pia bila kuulizwa, aproni yake ikiwa bado na udongo.

Daktari alikuwa mwanamke mtulivu aliyeongea polepole. Alisema kinga ya mwili wa mama ilikuwa imechanganyikiwa. Baada ya kupigana na ule ugonjwa wa tumbo, ilikuwa sasa inapigana na neva zake mwenyewe.

"Ugonjwa huu hupanda kama maji," alisema. "Unaanza miguuni. Ukifika kifuani, tutamsaidia kupumua kwa mashine. Lakini maji haya hushuka pia. Wengi hupona, ila inataka muda na watu wa kumshikilia."

Maji yalipanda haraka kuliko nilivyokuwa tayari. Kesho yake mikono ilikuwa imelegea. Kisha sauti ikawa nyembamba, kisha uso ukalala kama wa mtu aliyeudhika, na wakamwingiza katika chumba cha wagonjwa mahututi, mrija kooni, mashine ikimpumulia. Niliposimama kando ya kitanda chake nilianza kulia kwa sauti. Sista aliyekuwa zamu alinishika bega.

"Anasikia kila kitu," akasema. "Usimlilie kama ambaye hayupo. Mwongeleshe."

Nimwambie nini? Mimi na mama hatukuwa watu wa maneno mengi. Nilitoka nje, nikamkuta mama wa viazi kwenye benchi. Hakuruhusiwa kuingia, maana walikuwa wanaingiza jamaa tu. Nikamwuliza angependa nimpelekee mgonjwa ujumbe gani.

"Haiya! Nikupatie maneno yangu uyabebe? Utayamwaga njiani," alisema. "Leta simu."

Akaishika simu yangu kama mtu anayeshika mkono wa mtu, akaongea ndani yake akiwa amefumba macho. Alimwambia mama kuwa mwavuli sasa ni wake peke yake na haufurahii. Alimwambia mwuza ndizi amegombana tena na mume wake, na mara hii ametupiwa sufuria nje ikiwa na chakula. Alimwambia mboga zake zimeuzwa na zitaendelea kuuzwa, kwa hivyo asidhani amepata likizo ya kukaa huko milele.

Sista aliipangusa simu kwa dawa, akaniruhusu kuiweka karibu na sikio la mama. Sauti ile ilipoanza kuunguruma, niliona macho ya mama yakifunguka kabisa. Yalikuwa ndiyo kitu pekee mwilini mwake kilichokuwa bado kikimtii. Yakajaa machozi, na sista akaona jambo ambalo mimi sikuliona.

"Angalia kope," akasema. Akainama. "Mama, kama unanisikia, pepesa mara moja. Kama ni hapana, mara mbili. Unaumwa?"

Mara mbili.

"Unaogopa?"

Mara moja, polepole sana.

"Binti yako azime hiyo simu?"

Mara mbili, haraka haraka, kama mtu anayefukuza kuku. Sista akacheka, na mimi, niliyekuwa nimelia tangu asubuhi, nikacheka pia hadi nikashika ukuta.

Basi hapo ndipo mambo yalipoanza kuchangamka. Habari zilifika Githurai kabla sijafika nyumbani: anasikia! Anajibu! Kesho yake simu yangu ilijaa sauti. Soko zima lilikuwa limejirekodi. Mwuza nyanya aliimba. Wabeba mizigo walipiga kelele zao za "Kando! Kando! Mzigo!" kwa makusudi, ili mama asisahau. Mwuza mitumba alisoma zaburi. Mwanamume wa kusaga mahindi, ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu, alirekodi mashine yake tu ikinguruma, mwishoni akasema, "Mathe, ni hiyo tu. Pona." Nilimchezea mama zote. Mwili wake ulikuwa umelala kama gogo lakini macho yalikuwa sokoni, yanapita kati ya meza, yanasalimia watu.

Wanawake wale waligawana meza yake wenyewe kwa wenyewe. Aliyemaliza kuuza vyake mapema alihamia kwa mama. Hawakutaka wateja wake wazoee kununua kwingine. Lakini walikuwa hawazijui mboga za magharibi, na ndiyo sababu siku moja sauti ya mama wa viazi ilikuja na swali.

"Mwambie hivi. Mrenda umekwisha, gari halijaleta mwingine. Tumejaza nafasi na sukuma wiki. Iko sawa?"

Nikamwuliza. Mama akapepesa mara mbili. Kabla sijasema neno akapepesa tena mara mbili. Halafu tena. Sista akaja mbio akidhani kuna tatizo.

"Kuna tatizo," nikamwambia. "Wameweka sukuma kwenye meza yake."

Sukuma wiki kila mtu anauza. Mama alijivunia kwamba meza yake haikuwa na kitu cha kila mtu. Nilituma jibu, na tangu siku hiyo ikawa kawaida: maswali yanatoka sokoni asubuhi, mimi nayapeleka hospitalini saa ya kuwaona wagonjwa, na majibu yanarudi. Saga zenye maua zirudishwe? Ndiyo. Yule mwenye hoteli anataka kunde zote, tumpe? Hapana. Mama alikuwa hawezi kumeza mate yake, lakini soko alikuwa analiendesha kwa kope. Nilianza kuingia katika kile chumba nikikimbia, si kwa hofu bali kwa hamu.

Katikati ya hayo ndipo mama mkubwa alipofika kutoka Vihiga. Ni dada mkubwa wa mama, mrefu, mkavu, na alikuja akiwa ameshaamua. Alitukuta uani mwa hospitali, mimi na mama wa viazi na akina mama wawili wa kanisa la mama, tukila mihogo ya kuchemsha.

"Dada yangu amefungwa na mtu," akasema bila kuketi. "Hii si ya hospitali. Nimekuja kumchukua. Kama ni kufa, afie kwetu."

Nilijaribu kumweleza maneno ya daktari. Hakunisikiliza. Mama wa viazi akaweka muhogo wake chini.

"Mama, ukimtoa kwa hiyo mashine, atapumua na nini?"

Mama mkubwa akamgeukia, akamtazama kuanzia leso hadi viatu. "Na wewe ni nani kwake?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mama wa viazi hakukasirika. Alifikiri kidogo.

"Mimi ni mtu wa kukaa karibu naye," akasema.

Nami, ambaye maisha yangu yote sikuwahi kumpinga mama mkubwa, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Twende tukamwulize mwenyewe."

Nilimwingiza. Alipomwona mdogo wake na ile mirija, ukali wote ulimtoka. Akashika chuma cha kitanda, akamwongelesha kwa Kilogoli, lugha ya kwao, kwa sauti ambayo labda alimbembelezea wakiwa watoto: "Mdogo wangu, twende nyumbani?"

Mara mbili.

Mama mkubwa akanitazama, akidhani ni bahati tu. Akauliza tena, kwa njia nyingine. "Unataka kubaki hapa, na hawa watu?"

Mama akafumba macho, akayafungua, akayaacha wazi, yakimtazama dada yake bila kupepesa tena hata kidogo. Mara moja. Hakukuwa na shaka.

Tulipotoka, mama mkubwa alikwenda moja kwa moja hadi kwa mama wa viazi. Nikasimama katikati yao, tayari kwa lolote.

"Ule mrenda wake," mama mkubwa akasema, "wateja wakiwauliza unapikwa vipi, mnawaambia nini?"

"Hatuwaambii kitu. Sisi hatuujui. Tunauza tu."

"Mungu wangu! Nipelekeni huko sokoni."

Alilala Kiuu usiku huo, na asubuhi alikuwa nyuma ya meza ya mdogo wake. Hakuondoka tena. Yeye ndiye aliyefundisha soko namna ya kuchambua mrenda, na jinsi ya kuuchanganya na kunde kwa magadi kidogo tu, ukizidisha umeharibu. Rekodi zikabadilika. Sasa zilikuwa zinakuja na mama mkubwa na mama wa viazi wakigombana kuhusu mwavuli, mmoja kwa Kiswahili cha Kilogoli na mwingine kwa Kiswahili cha Kikuyu, na mama kitandani akisikiliza kama mtu anayesikiliza redio aipendayo.

Maji yalianza kushuka kimyakimya. Kwanza mabega yalijikunja kidogo alipoguswa. Kisha asubuhi moja sista alinipigia nikiwa darasani. "Njoo," alisema tu, lakini nilisikia kwamba anatabasamu. Nilipofika, mama aliinua kidole cha shahada kutoka kwenye shuka, akakishusha. Akakiinua tena. Nilipiga yowe ambalo lilimleta daktari kutoka chumba cha pili, naye hakunigombeza. Alisimama akakitazama kile kidole kama mtu anayetazama mche uliochipuka.

Baada ya hapo mashine ilizimwa kwa vipindi, kisha ikazimwa kabisa. Siku waliyoondoa mrija wa kooni na kumruhusu kujaribu sauti, nilipiga simu sokoni kwanza, nikaweka kipaza sauti. Nilisikia kule wakinyamazishana: "Nyamazeni! Nyinyi, nyamazeni!" Soko la Githurai likanyamaza, jambo ambalo sidhani limetokea tena. Mama akameza mate. Sauti ikatoka kama msumeno kwenye ubao mkavu.

"Ile sukuma... mliitoa?"

Lo! Nyie! Simu ilitaka kupasuka. Vigelegele, madebe, mabeseni, mtu akipuliza honi ya gari. Nilimsikia mama wa viazi juu ya wote akipiga kelele, "Ako na afadhari! Ako na afadhari! Ametukana sukuma!" Mama alijaribu kucheka, akakohoa, akalia, vyote kwa pamoja.

Alipohamishiwa wodi ya kawaida na hatimaye kuruhusiwa kwenda nyumbani, miguu ilikuwa bado haijarudi. Nilitaka nimpeleke kwangu Ngoingwa, kuna nafasi. Alikataa. Alitaka Kiuu. Basi tukampeleka Kiuu kwenye kiti cha magurudumu, na tulipofika langoni tulikuta mwenye ploti, mzee aliyejulikana kwa kukataa hata kubadilisha balbu, akiwa amepiga magoti akisawazisha saruji juu ya mtaro ili kiti kipite. Hakutuangalia. "Pitieni upande huu, bado haijakauka," akasema.

Fundi wa vyuma aliyekuwa na karakana yake barabarani alichomelea vyuma viwili sambamba, virefu, vya kushikilia mtu anayejifunza kutembea, akavisimika uani pale pa kuanikia nguo. Wanawake wa ploti walihamisha kamba zao bila neno. Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha jinsi ya kunyoosha kila kiungo, na asubuhi, kabla ya watu kwenda kazini, uani palikuwa na kundi zima likinyoosha miguu pamoja na mama, wengine wakiwa na mswaki mdomoni.

Lakini miguu ya mama ilikawia. Wiki zikapita. Mikono ilikuwa na nguvu za kutosha kumwinua juu ya vile vyuma, lakini chini yake miguu ilining'inia kama nguo zilizoanikwa. Kuna siku alisema hatoki ndani. Alikataa uji. Nilipomsihi akaangalia ukutani.

"Niacheni," alisema. "Nimechoka kuwa kazi ya watu."

Tulikaa pale, mlango wazi, majirani wakipita kwa kunyata. Mchana, mama wa viazi akaja kutoka sokoni. Nilimnong'oneza yaliyotokea. Alirudi nje, akaingia tena na gunia la mrenda ambao haujachambuliwa, akaumwaga wote kitandani, kwenye mapaja ya mama.

"Mimi huu sijui," akasema. "Dada yako amechoka. Mikono yako imerudi, si imerudi?"

Akatoka. Mama alikaa akiutazama ule mlima wa majani. Alitukana kidogo kwa Kilogoli. Kisha vidole vikaanza, vikinyofoa majani, vikitupa vijiti, kwanza kwa hasira, halafu kwa mwendo ule niliokuwa nikiuona tangu utotoni. Jioni akaomba uji. Tangu hapo mboga zote zilikuja Kiuu kwanza, na mama alizichambua kwenye kiti chake uani kabla hazijaenda mezani.

Mguu wa kushoto ulijibu siku ya Jumamosi. Alikuwa kati ya vyuma, mama mkubwa mbele, mimi nyuma, na goti likakaza. Tuliliona likikaza. Akauvuta mguu wa kulia kwa kiuno, akauweka mbele, akausimamia. Halafu tena. Alipofika mwisho wa vyuma, fundi, aliyekuwa ameacha kazi yake na miwani ya kuchomelea ikiwa bado kichwani, alilia waziwazi bila kujificha. Mtu alikuwa ameshapiga simu Githurai. Haukupita muda wanawake wa soko wakaanza kuingia langoni, wengine na aproni, mmoja bado ameshika kisu cha kukatia kabichi. Mama aligeuka, akatembea kurudi kuwaelekea, jasho likimtiririka, na akina mama wa kanisa wakageuza mabeseni ya kufulia yakawa ngoma. Watoto wangu walikuwa wanarukaruka hadi mmoja akaanguka kwenye matope. Niliimba wimbo ambao sijui maneno yake. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua hivyo na hakasiriki.

Leo mama anatembea kwa fimbo. Siku za baridi za Julai nyayo humwaka moto na hulazimika kukaa nyumbani, na ngazi bado ni vita. Lakini yuko sokoni siku nyingi za wiki.

Mama mkubwa alikaa hadi alipojiridhisha, kisha akasema mahindi yake hayawezi kuvunwa na mtu mwingine. Tulimsindikiza hadi kwenye basi la magharibi, umati mzima, na yeye akatupa maagizo kupitia dirishani mpaka dereva akawasha injini. Mama wa viazi alilia kwa sauti, akapenga kamasi kwenye aproni, akasema atamfuata Vihiga Desemba, lazima, maana hajawahi kufika huko na inasemekana kuna mawe makubwa kama nyumba.

"Tutaenda wote," mama akamwambia, akamshika mkono, na wakaanza kubishana nani atakaa dirishani.